Nani Alianza Kukohoa

Mwaka wa mafua ya nguruwe tulikuwa tukiishi Kilburn, huko Uingereza, ghorofa ya kwanza. Juu yetu aliishi mama mmoja Mkongo, mtu wa Bukavu, na binti yake wa miaka minane. Mama huyo alikuwa akisafisha ofisi hata Jumamosi, hivyo siku hiyo binti alishinda kwangu akicheza na mwanangu wa miaka saba. Mtoto mwenyewe hakuwa na makuu. Alikuwa na pumu, na pampu yake ya dawa alivalishwa shingoni kwa kamba ya kiatu isije ikapotea.

Mimi nilikuwa mjuaji. Nimetoka Tanga, nimelelewa na bibi aliyetibu kila kitu kwa mvuke, na miaka kumi ya kuogesha wazee wa Kiingereza ilinitia kichwani kwamba nayajua maradhi kuliko madaktari. Shule ilipotuma barua kuhusu ugonjwa ule niliicheka. Nguruwe hatumli, nikasema, huo ugonjwa utatujulia wapi?

Ijumaa mwanangu alirudi anakohoa, macho mekundu. Kesho yake akawa anachemka. Mtu mwenye akili angempigia jirani simu aje amchukue mtoto wake. Mimi nilichemsha mchaichai, maganda ya ndimu na majani ya mkaratusi, nikaitua sufuria sakafuni, nikawafunika wote wawili blanketi moja. Kwetu ndivyo tulivyofanya: mmoja akiugua, watoto wote wanapigishwa nyungu pamoja, mgonjwa apone na mzima ajikinge.

Yule mtoto Kiswahili alikielewa, ila alijibu kwa Kiingereza. Aliniambia kutoka ndani ya blanketi kwamba hawezi kupumua.

"Acha kudeka," nikamwambia. "Vuta ndani."

Alijaribu kutoka. Nikazikanyaga pindo za blanketi kwa visigino, nikaendelea kumenya vitunguu vyangu. Walikaa humo mpaka vitunguu vikaisha, wakikoholeana usoni.

Mwanangu alipona kwa siku tatu. Jumanne yule mtoto akashikwa, na Alhamisi gari la wagonjwa likamchukua, midomo imekuwa ya kijivu. Jioni mama yake akanipigia kutoka hospitali.

"Mama, dokta wanauliza nani alianza kukohoa. Ni wako ao ni wangu?"

Jibu nilikuwa nalo. Lakini nililiona lile blanketi na visigino vyangu juu yake, nikawawaza social, watu wa halmashauri tuliowaogopa kuliko polisi kwa sababu huondoka na watoto.

"Wako," nikasema. "Alikuja nao Jumamosi. Wangu ndiye aliyeambukizwa."

Kisha huyo mama, ambaye mtoto wake alikuwa akipumulia mashine, akaniomba msamaha mimi.

"Pole sana, mama. Mutusamehe."

Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, tena nyororo. Niliwasimulia akina mama wa ngazini, nikawasimulia wa langoni mwa shule, na kila niliposimulia niliamini zaidi kidogo. Mtoto aliporudi kutoka hospitali, amekonda, watoto wa jengo walimkimbia wakiziba pua. Mwanangu alikuwa mbele yao, kwa sababu nilimwagiza mwenyewe asimguse. Siku moja nilimkuta yule binti kituo cha basi amefunga mdomo, machozi yanamtoka, kifua kinaruka, anazuia kikohozi watu wasimsikie. Mtoto wa pumu! Nilijua nilichokuwa nikikitazama. Basi likaja, nikapanda.

Aibu ninayo, lakini aibu ya kuandika ni nyepesi. Ile ya kusema wakati ule ndiyo iliyonishinda.

Muhula ulipokwisha yeye na mama yake waligonga mlango wangu, Jumapili, wametoka kanisani. Mama alisimama ngazi mbili nyuma. Mtoto alisogea mbele na gauni lake la kanisani, mikono mgongoni, na kwa mara ya kwanza akasema nami Kiswahili, polepole, kama alivyofundishwa.

"Mama, unisamehe. Nililetea mutoto yako ugonjwa."

Alikuwa akinitazama usoni. Sijui mtoto wa miaka minane alilala siku ngapi na jambo lile. Najua tu kwamba neno moja lingemtua mzigo, kwamba mama yake alikuwa pale pale wa kulisikia, na kwamba dokta walikwisha maliza maswali yao na hakuna social ambaye angekuja tena. Sikuwa na cha kuogopa isipokuwa kuonekana nilivyo.

"Nimekusamehe," nikamwambia. "Ila usirudie."

Akaitikia kwa kichwa. Mama yake alifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Aksanti, mama," akasema. "Uko na roho muzuri."

Nikamjibu hakuna neno, nikafunga mlango.