Pwani Wanasemaje, Mkwe?

Luka ni fundi wa kuchomelea vyuma. Ukipita mitaa ya Ipagala ukaona geti lenye ua la chuma lisilofanana na ua lolote aliloumba Mungu, ujue hiyo ni kazi yake. Ni mtu mpole, mzaliwa wa Buigiri, mwimba besi kanisani, na bahari hajawahi kuiona hata siku moja. Kwa hiyo utashangaa kusikia kwamba bahari hiyohiyo ndiyo iliyomfanya awe anatoka nyumbani kwake kwa kupitia dirishani.

Mambo yalianza mwishoni mwa Oktoba, alipofika mama mkwe wake, Mama Penina, mjane wa Kibondei anayeishi Tanga mjini. Alikuja kumsalimia binti yake Gladness, mke wa Luka, akasema atakaa siku chache tu. Sasa elewa jambo moja. Luka ni Mgogo, na kwa malezi aliyopewa, mama mkwe haangaliwi usoni, mtu hapishani naye mlangoni, wala hali chakula mbele yake. Baba yake Luka alimfahamu mama mkwe wake kwa kisigino tu, tena kwa mbali, na alikuwa akijisifia jambo hilo mpaka uzeeni.

Zile siku chache Luka alizivumilia kwa kushinda karakana na kunywa chai kwa majirani. Siku ya safari ikawadia, begi limeshafungwa, runinga ikatangaza utabiri wa ukanda wa Pwani. Baridi isiyo ya msimu, upepo mkali wa kusini, mawimbi makubwa kuanzia Tanga mpaka Mafia, na hali hiyo itaendelea. Mama Penina ana magoti yanayomuuma kila ubaridi unapopiga. Akafungua begi.

"Siendi kuganda mimi," akamwambia Gladness. "Jua la huku linanikausha magoti kama kanga kwenye kamba. Nitaondoka baridi ikiisha."

Nyumba ya Luka ina vyumba viwili na sebule, na mlango wa kutokea nje ni mmoja, uko sebuleni. Mama Penina alijichagulia kochi linaloutazama mlango huo, akakaa hapo kutwa nzima akisubiri utabiri wa jioni. Luka akawa mfungwa chumbani kwake. Asubuhi ya kwanza alichungulia pembeni mwa pazia, akaona kisigino, akaruka nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto. Asubuhi iliyofuata wateja walikuwa wanampigia simu mfululizo, na haja ndogo ilikuwa imeshakuwa kubwa. Akavuta grenda lililokuwa uvunguni, akaikata grili ya dirisha lake mwenyewe.

Jamani, hebu fikiria fedheha hiyo. Fundi grili anayetegemewa na mtaa mzima anakata grili yake mchana kweupe, cheche zinaruka, watoto wanashangilia. Jirani yake Ludovick alikuja mbio akidhani ni wezi wameamua kufanya kazi mapema. Luka aliendelea kukata. Aliifunga grili bawaba, akaiwekea komeo kwa ndani, na tangu hapo akawa anaingia na kutoka hapo, mguu wa kulia kwanza, hata Jumapili akiwa na joho la kwaya. Ludovick alimtazama wiki nzima, kisha akaagiza na yeye grili ya namna hiyo. Hakusema ni ya nini, ila tunajua kwamba mkewe naye ana mama.

"Luka, kwetu mkwe ni mtoto wa nyumbani," Gladness alimwambia. "Pita sebuleni umwamkie mama, maisha yaendelee. Utavunjika kiuno."

"Bora kiuno," Luka akajibu.

Alikuwa na ombi moja tu duniani, Pwani ipate joto, mama aende salama, yeye arudishiwe mlango wake. Aliiombea Tanga jua kimyakimya katikati ya ibada, lakini baridi ikazidi. Ndipo akajaribu hila. Kifurushi cha king'amuzi kilipoisha, hakukilipia, akiamini kwamba mama atachoka kukodolea macho runinga iliyozimwa.

Jioni hiyohiyo sauti ikapenya kwenye pazia la chumba. "Mkwe! Si una redio huko? Pwani wanasemaje?"

Luka akababaika. Kuongea na mama mkwe ni shida, lakini kunyamaza ukiitwa ni utovu wa adabu mkubwa zaidi. Na pazia lipo, hawaonani. Akafungua redio, akasikiliza, na hapo ndipo shetani alipomnong'oneza. Si aseme tu joto limerudi? Kesho begi, kesho kutwa basi, na mlango ni wake. Alifungua kinywa aseme hivyo, ulimi ukagoma kabisa. Kumdanganya mama mkwe kulimshinda.

"Baridi inaendelea, mama," akasema. "Upepo wa kusini. Mawimbi mita mbili."

"Ahsante, baba. Una sauti nzuri wewe, kama mtangazaji."

Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Kwaya humwambia apunguze. Kesho yake akatangaza kwa madaha, akaongeza na "wasikilizaji wetu wapenzi" bila kuombwa, na mama akacheka mpaka akakohoa. Siku nyingine Luka akapata ujasiri wa kuuliza wimbi la mita mbili likoje.

"Ni kama geti lako hilo la nje," mama akamjibu, "ila hili linakujia."

Basi ikawa ndiyo desturi yao, Luka huku, mama kule, pazia katikati, na bakuli la mbaazi za nazi likisukumwa kwa chini. Baada ya utabiri walikuwa wakipiga soga mpaka Gladness anaona wivu. Kuna jioni Gladness alianza kumsema mumewe kuhusu bomba la uani linalovuja tangu Pasaka, na mama akamkatiza. "Mwache mwenzio ale kwanza." Luka alibaki na tonge mkononi. Tangu aoe, hajawahi kuwa na mtu wa kumtetea ndani ya nyumba ile. Machozi yakamlengalenga, na hakuona aibu, kwa kuwa hakuna aliyemwona.

Halafu ikaja jioni ambayo redio ilisema wazi kabisa. Baridi imekwisha, joto limerejea ukanda wote wa Pwani, bahari imetulia. Luka aliizima haraka. Alichokiomba kimekuja, na hakufurahi hata chembe. Alijiona amekaa peke yake kwenye lile kochi, hana wa kumtangazia, na bomba bado linavuja.

"Mkwe? Pwani wanasemaje leo?"

Luka akasogelea pazia. "Baridi, mama. Tena imezidi. Wavuvi wameambiwa wasitoke."

"Mungu wangu," mama akasema. "Na magoti yangu haya!"

Papo hapo simu ya mama ikalia. Mama huongea na simu kwa spika, kwa hiyo nyumba nzima ilimsikia Damas, mwanawe aliyeko Tanga, akihema.

"Shikamoo mama. Mbona hurudi? Huku joto tunalala barazani. Si nilikuambia tangu asubuhi kwamba baridi imeisha?"

Nyuma ya pazia Luka akakauka. Tangu asubuhi! Kumbe mama alikuwa anauliza huku anajua.

"Marahaba, Damas," mama akasema kwa ukali. "Wewe umekaa barazani, utajua nini? Mkwe wangu ana redio." Kisha akageukia pazia. "Mkwe, hebu rudia pale kwenye mawimbi, na huyu asikie."

Luka akasafisha koo, akashusha besi yake yote, na kuyapandisha mawimbi ya Tanga mpaka mita nne.