Darubini Inayolia

Baba yangu ni fundi redio. Redio zote huharibika, lakini ubishi wake haujaharibika hata siku moja. Macho yalipoanza kumwacha, na daktari akasema hayatarudi, alitutangazia mezani kwamba siku atakayoshindwa kuitafuta sayari ya Zohali mwenyewe, darubini yake itakwenda shuleni.

"Kama ni kutafutiwa, basi si yangu tena."

Mama, fundi cherehani, alimjibu bila kuinua kichwa. "Usitupangie matanga, mzee. Tengeneza kitu."

Akatengeneza. Alichukua dira ya elektroniki, ndogo kama kifungo cha shati, na kipimo cha mwinamo, cha kujua darubini imeinuka kiasi gani, akavifunga kwenye darubini. Mimi niliandika programu ya kujua Zohali iko wapi kila saa. Yeye alilehemu nyaya kwa kupapasa, Mama akimtajia rangi. Alivyojiunguza vidole sisemi. Kazi ya mashine ilikuwa kulia: ukiwa mbali, pi, pi, ukikaribia, pipipi, ukifika, mlio mmoja usiokatika. Roho iliniuma kumtazama. Darubini ikiondoka, angekaa kibarazani mikono mitupu, na Baba hajui kukaa bure.

Tulijaribu giza lilipoingia tu. Mlio ukawa mmoja, Baba akatabasamu. Mama akachungulia.

"Mbona sioni kitu?"

Jioni ya pili, vilevile. Nilipekua programu mstari kwa mstari, nikamlaumu yeye, naye akanilaumu mimi. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Jioni ya nne akaanza kufungua skrubu.

"Basi. Mpigie simu mwalimu mkuu."

Mama aliinama kumsaidia, pini zimejaa kifuani kwenye gauni kama kawaida yake. Tatu zikachomoka, zikaenda kunata nyuma ya darubini.

"Baba watoto, huku nyuma umefunga nini?"

"Uzito, isipinduke. Spika kuukuu. Ninazo tele."

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Kila spika ina sumaku, na hilo Baba alinifundisha kabla sijaanza shule. Siku zote nne dira yetu ilikuwa ikivutwa na spika, haina habari na kaskazini. Nyani haoni kundule, na fundi redio haoni spika.

Tuliing'oa, tukafunga soksi iliyojaa kokoto. Kesho yake jioni Baba aliisukuma darubini polepole, kichwa ameinamisha, anasikiliza. Pipipi. Mlio ukatulia. Mama akachungulia.

"Ipo," akasema. "Na pete yake. Imekaa upande, kama kofia ya mlevi."

Nilimpisha Baba aangalie, nikijua ataona ukungu tu. Hakuangalia. Aliisukuma darubini kwa kiganja mpaka mlio ukapotea kabisa.

"Msinishike," alisema. "Naitafuta tena."