Meno Kumi na Moja ya Bi Kauri

Mtu akikwambia Bi Kauri ni mpole, muulize alimwona lini. Miaka ishirini na miwili amekaa chumba cha nyuma cha hospitali ya meno, akijenga meno ya kauri kwa brashi nyembamba, tabaka juu ya tabaka, na kuyachoma kwenye tanuri dogo hadi yang'ae. Jina lenyewe alipewa na wafagizi, likamganda.

Asubuhi hiyo alianza kufoka tangu kwenye chai.

"Leo utamng'ata mtu," mumewe alimtania.

"Na wewe nyamaza, mwenye meno saba!"

Mzee akacheka, yeye hakucheka. Daktari mkuu alikuwa anafanya utafiti wa meno ya kauri yanayofungwa juu ya skrubu zilizopandikizwa kwenye taya. Wagonjwa arobaini walifungwa meno hayo. Kumi na moja yakapasuka kabla ya mwaka kuisha, na rasimu ya ripoti ikataja sababu kwa maneno matatu tu: kosa la fundi. Saa nne ripoti ingesomwa kikaoni. Ikipita hivyo, hakuna maabara itakayompa hata jino la kung'arisha.

Kosa la fundi! Yeye!

Alijua fika tatizo liko wapi. Jino likitoka tanurini, uso wake ni laini kama kioo. Daktari akiliweka mdomoni, akaona linagongana na jino la juu, hulisaga kidogo. Si vibaya. Ila likishasagwa lazima lirudi kwa fundi lilainishwe upya, maana palipokwaruzwa ndipo ufa unapoanzia. Amelisema hilo mpaka koo limemkauka. Jibu ni lile lile: "Mgonjwa ana haraka, mama."

Kikaoni hakungoja kukaribishwa. Alimwaga mezani vipande vya meno yote kumi na moja, alivyokuwa akivihifadhi kila mgonjwa aliporudi analia. Akavipaka wino wa bluu, akavifuta kwa kitambaa. Wino ukatoka wote, isipokuwa pale pa kutafunia, palipokwaruzwa. Na kila ufa ulianzia papo hapo.

"Jino linaloshika wino halijawahi kutoka chumbani kwangu," alisema.

Daktari mkuu akakohoa. "Mama, punguza jazba. Kusaga kidogo tu, sisi hatukujua kama kuna madhara."

"Hamkujua?" Bi Kauri akamsogelea. "Daktari, jino lako la nyuma, kushoto, nani alilijenga?"

"Hayo hayahusiani na..."

"Mimi! Miaka tisa, halina hata mstari. Mwenzako alipolisaga likae sawa, ulifanya nini?"

Daktari akaangalia dirishani.

"Ulikuja mbio chumbani kwangu, jino mkononi, pengo wazi. Ukakaa kwenye stuli yangu saa nzima, unangoja nilichome upya. Saa nzima! Siku ile haraka ulikuwa umeiacha wapi?"

Daktari alikuwa amefumba mdomo, ulimi ukisukuma shavu la kushoto.

Mwenyekiti wa kikao akaifungua ripoti kwenye ukurasa wenye yale maneno matatu, akamsogezea daktari pamoja na kalamu.

"Futa mwenyewe," alimwambia. "Halafu uandike ulichokuwa unakijua."