Nyumba Yetu Iliyochipua

Enzi zetu, mtoto wa kijijini Sepuka alikuwa na nyumba yake mwenyewe kabla hajaanza darasa la kwanza. Ukuta ulikuwa wa vijiti, paa lilikuwa mbingu, na mlango ulikuwa pale vijiti vilipotuishia. Mliokulia upande ule mnanielewa. Kombolela tulicheza, rede tulicheza mpaka magoti yakawa meupe kwa vumbi, lakini mchezo uliokula siku nzima ni ule wa kujipikilisha, na huo haukuwezekana bila nyumba.

Yetu tuliijenga siku Bibi alipopanda mihogo. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha na ardhi bado inanukia. Bibi alikaa juu ya jiwe na panga lake, akikata mashina ya muhogo kuwa pingili fupi. Tulikuwa watoto watatu: mimi, binamu yangu Zuhura, na mdogo wangu Shabani. Sisi tulichomeka pingili kwenye matuta, naye alitufuata nyuma akisahihisha.

"Ilaze kidogo. Macho yaangalie juu!" Macho ni vile vifundo ambapo chipukizi hutokea. "Shabani, hiyo umeizika kichwa chini. Unataka ikaote kwa mashetani?"

Tulipozidi kumkanyagia matuta, alikusanya vipande vyembamba vilivyobaki akatufukuza navyo. "Chukueni hivi, mkajenge huko, mniache nipande."

Tukajenga nyuma ya jiwe kubwa, jirani na bafu la mabua, ambako maji ya kuoga ya ukoo mzima yalitiririkia. Zuhura akawa mama. Mimi nikawa shangazi aliyekuja kutembea na hataki kuondoka. Shabani akawa baba, na alikuwa baba kwelikweli: anatoka machungani, anakohoa mlangoni, anauliza chakula kabla ya salamu. Na kwa kuwa kila mji aliouona ulikuwa na boma, alikataa kulala kwenye nyumba isiyo na boma. Tukaizungushia miiba, tukachomwa vidole, tukaweka na tawi moja la kufungia mlango.

Hazikupita siku nyingi kuta zikatoa majani. Tulitamba kama watu waliopaua kwa bati. Majani yalikuwa mboga yetu, na vikonyo vyake tulivivunja vunja, upande huu na upande ule, ganda linabaki linaning'inia, unapata mkufu mrefu wenye jani lake kifuani. Zuhura hakutoka nyumbani bila mkufu.

Sasa, muhogo wa Bibi haukuwa muhogo wa kawaida. Majirani wote walipanda ule mchungu, ambao nguruwe pori hawausumbui, lakini lazima uuloweke na kuuanika ndipo ule. Wa Bibi ulikuwa unang'oa, unamenya, unatafuna palepale, na ukichemshwa unapasuka wenyewe kama unacheka. Mbegu alikuja nayo kutoka kwao Kintinku alipoolewa, fungu moja kichwani. Ndugu zake walikwisha kuhama huko, na shamba lao likawa la watu wengine. Kwa hiyo mbegu ile ilikuwa kwa Bibi tu.

Mwaka ule uwele haukutosha. Kiangazi kilipokaza, Bibi aling'oa kishamba chote tukala, mihogo mingine akaianika iwe makopa. Mashina aliyafunga mafungu, akayasimamisha kivulini, miguu yake udongoni na nyasi juu, yasubiri mvua. Babu alipewa kazi ya kuzungushia miiba. Akazungushia, ila akaacha pengo la yeye kupitia, na siku moja mbuzi wake wakapitia hapohapo.

Walibandua maganda yote. Bibi alichukua shina moja moja akalikwaruza kwa ukucha. Shina lenye uhai hutoa maziwa meupe. Alikwaruza mpaka la mwisho, hakuna lililotoa.

"Mbuzi hajui kwamba hii ni mbegu," Babu akasema, akitazama pembeni.

"Mbuzi hajui. Na mwenye mbuzi?"

Akaendelea kwa Kigogo, lugha ambayo Babu, Mnyaturu wa haja, siku hiyo alijifanya haielewi kabisa. Tangu hapo Bibi akawa anazungumza naye kwa kupitia mbuzi: "Nyie mbuzi, mwambieni mwenzenu ugali uko tayari." Sisi tuliziba midomo tusicheke. Lakini jioni nilimwona Bibi amekaa na shina moja mapajani, akilipapasa, nikaacha kucheka.

Siku chache baadaye alikuwa anapepeta uwele Zuhura alipopita mbele yake na mkufu shingoni. Ungo ukasimama.

"Zuhura. Hebu njoo."

Aliushika ule mkufu. Jani lilikuwa bichi, na kikonyo bado kinanata.

"Umelitoa wapi?"

"Ukutani, Bibi."

"Ukuta gani?"

"Wa kwangu."

Tukamwongoza nyuma ya jiwe. Aliyafahamu makazi yetu, lakini alidhani vijiti vyake vilikwisha kukauka na kuwa kuni. Kumbe maji ya kuoga yalikuwa yakivinywesha kiangazi chote. Kuta zilikuwa zimempita kimo, nene, na hata ile pingili aliyoichomeka Shabani kichwa chini ilikuwa imejipinda ikatafuta njia ya juu. Miiba ilikuwa imara, tawi la mlango liko mahali pake. Bibi hakuvamia. Alisimama nje akasema, "Hodi wenyewe?"

"Karibu," Zuhura akajibu, akimfungulia.

Bibi alikwaruza ukuta kwa ukucha. Maziwa yakatoka, yakamchirizikia kidoleni. Akacheka, akakwaruza tena, kama mtu asiyeamini. Kisha akachuchumaa, uso wake ukawa sawa na wa Zuhura.

"Mama mwenye nyumba, ninaomba kuta zako."

"Na sisi tutahamia wapi?"

"Nitawaachia chumba kimoja. Na muhogo wa kwanza kung'olewa ni wenu."

Zuhura alitutazama, mimi na Shabani, kama mtu mwenye baraza la wazee. Akakubali.

Babu akaitwa aje kutazama boma lililojengwa na watoto. Alilizunguka lote akitafuta pengo, hakuliona. Akavua kofia, akainama: "Shikamooni, wenye nyumba."

"Marahaba!" tukaitikia, na Zuhura akaongeza, "Mbuzi hawajambo?"

Bibi alicheka mpaka akakaa chini. Jioni ile alimwita Babu kwenye chakula kwa jina lake.

Mvua iliponyesha tulipanda tena, na mavuno yaliyofuata Bibi alimgawia mbegu kila jirani, isije ikabaki kwa mtu mmoja. Majirani wakaiita Zuhura. Mpaka leo Sepuka utasikia mtu akimwuliza mwenzake, "Una Zuhura?" Mwenyewe, aliyeolewa Singida mjini na sasa ana wajukuu, husema, "Kila siku wananichemsha."

Mwanzo wa mvua hizi nilimpelekea fungu la mashina. Mjukuu wake Rahma aliinua macho kwenye simu akauliza kama hizo fimbo ndizo mbegu, na zinachukua muda gani. Tulipomwambia ni mpaka mwakani alisikitika kwa niaba yetu. "Bibi, na chipsi ziko hapo kona!"

Tulipanda wenyewe, nyuma ya nyumba yake ya vigae, macho yakiangalia juu. Vipande vyembamba vikabaki. Enzi zetu visingekaa chini hata kidogo; tungekuwa tumekwisha kuvigombania. Pale vililala, hakuna aliyeviomba. Uwani palikuwa kimya, watoto wote wako ndani na simu zao.

Zuhura alivitazama muda. Kisha akainama taratibu, mkono kiunoni, akaanza kuvichomeka kimoja kimoja kwa mzunguko, mpaka vikamwishia. Akaingia kupitia pale vilipoishia, akakaa.

Nikasogea mpaka mlangoni. "Hodi?"

"Karibu, shangazi."

Rahma akachungulia dirishani. "Bibi, mnafanya nini?"

"Tunahamia," Zuhura akasema.