Ramani Iliyoishia Ziwani

Walisema sitaweza. Mwalimu Ntakije, mwenye shahada yake, alitamka mbele ya walimu wote: "Bwana Stashahada, kidato cha pili wakikuelewa jiografia, nitafuta ubao kwa ndevu zangu!" Mkuu wa shule akanipa wiki moja. Nikishindwa, somo linahamia kwa Ntakije.

Mimi, niliyechoma matofali Tabora miaka minne kujisomesha, nikarudi Kibondo na cheti changu, ninyang'anywe somo? Niliomba ruhusa nikaone wenzetu wanafundishaje. Ntakije mwenyewe aliniazima ramani yake ya Tanzania, huku akicheka. Mama Zubeda wa dukani akaniazima koti la mvua. "Mwanangu, lirudi na vifungo vyote," akasema.

Jumanne alfajiri basi liliondoka Kibondo. Tulivuka Malagarasi ukungu ukiwa bado juu ya maji, na kabla ya saa sita nilikuwa Kasulu, ndani ya darasa la historia. Mwalimu hakutaja hata mwaka mmoja. Alimwaga chumvi mezani, akauliza, "Babu zenu waliifuata wapi hii?"

"Uvinza!"

"Walibeba nini kwenda kubadilishana?"

Darasa likalipuka: mtama, majembe, mbuzi. Shuleni kwetu tunaanza na ukurasa wa kwanza wa kitabu, watoto wanasinzia.

Jumatano asubuhi, kibali mfukoni, nilifika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Huko watoto wa Kikongo wanasoma mtaala wa kwao. Mwenyeji wangu, Mwalimu Amisi, akanipa chaki. "Tufundishie kidogo, ndugu."

Nilitundika ramani kwa madaha. "Ziwa Tanganyika liko upande gani?"

"Mashariki!" darasa zima.

Nikacheka, nikaandika ubaoni MAGHARIBI kwa herufi kubwa. "Mmekosa wote!"

Msichana wa mbele akasimama. "Mwalimu, kwetu jua inatokaka mu maji."

"Njoo unionyeshe hapo kwenu."

Alikuja, akapitisha kidole juu ya ziwa, ramani ikaisha, kidole kikaendelea mpaka ukutani. "Sisi tuko hapa," akasema, akigusa udongo mtupu. Amisi alininong'oneza kwamba mtoto huyo amezaliwa kambini, ziwa lenyewe hajaliona. Ameambiwa na mama yake.

Nilifuta neno langu. Sijawahi kufuta ubao polepole vile. Kisha nikaomba karatasi na gundi, na yule msichana akachora ng'ambo yote, milima na vijiji, tukaibandika ubavuni mwa ramani.

Alhamisi nilirudi Kibondo. Ijumaa, mbele ya mkuu na walimu wote, nilipanga madawati mstari mmoja katikati ya darasa yawe ziwa, nusu ya wanafunzi huku, nusu kule. "Ziwa liko upande gani?" Walibishana mpaka wakapanda juu ya ziwa lenyewe! Dakika kumi baadaye hakuna aliyekosea dira, na mkuu akaniachia somo. Nilichojifunza ni kwamba kabla ya kumwambia mtoto amekosea, nimuulize amesimama wapi. Na nilijifunza haraka, siku moja tu.

Jumamosi niliwarudishia vitu vyao wote walioniazima. Mama Zubeda alihesabu vifungo, akaridhika. Ntakije alikunjua ramani mlangoni kwake. "Umeiharibu!"

"Nimeirefusha, mzee wangu. Sasa njoo tukafute ubao."

Akainua uso. Kidevu kilikuwa cheupe, kinang'aa. Alikuwa amenyoa.