Tembe Lililovishwa Bati

Juzi niliona nyumba ikikosa mnunuzi kwa sababu imetengenezwa mno. Ni lile tembe kongwe karibu na stesheni ya Dodoma, mtaa unaotamaniwa na kila mtu tangu reli ya Wadachi ifike. Mfanyabiashara mmoja wa pwani alilinunua, akabomoa paa bapa la udongo, akaezeka bati la mteremko, na zizi la ndani akaligeuza sebule.

Mzee wa Kigogo, tajiri wa mifugo, alikuja na mkewe kulitazama.

“Shikamoo mzee. Karibuni ndani,” akasema mwenye nyumba.

“Marahaba.” Mzee alibaki nje, macho juu.

“Mtama nitaanika wapi?” mkewe akauliza, akiinamisha kiganja kama lile bati. “Si utamwagika wote?”

“Na ng'ombe watalala wapi?” akadakia mzee.

“Nje, mzee wangu. Hapa ni mjini.”

“Fisi wameshaambiwa?”

Mzee akazunguka uani, akakuta rundo la miti ya paa la zamani. Akaligonga kwa fimbo, akatabasamu.

“Nyumba si hii hapa? Hii unaiuza?”

Akainunua, kwa mbuzi mmoja. Ile ya bati ingalipo, wasomaji. Mwenye kuitaka aje, mradi hana ng'ombe wala hali ugali wa mtama.