Sanduku la Kiti cha Papa Édouard

Solange anakaanga mikate mjini, mtaa wa Mangobo, kando ya njia ya soko, mwaka wa tisa sasa. Asubuhi ukipita pale unaona kwanza moshi, halafu mgongo wake, halafu mkono wenye kijiko kirefu unaogeuza mikate ndani ya mafuta. Hasemi sana. Wateja ndio wanasema. Na kila mwaka Noeli ikikaribia anafunga biashara, anateremka mto hadi kwao, kijiji kidogo chini ya Yanonge, na zawadi za watu wake.

Zawadi hizo hazitoki mbali. Gauni la tante Marthe, shangazi yake, linashonwa na Madina, ambaye mashine yake inalia hapo ng'ambo ya njia. Sabuni anaichukua kwa mama mmoja anayeipika mwenyewe nyuma ya nyumba, kwa mafuta ya mawese. Kisu cha kupasulia samaki kinafuliwa na fundi anayeokota vyuma vya magari mabovu. Solange anasema kitu ukikinunua kwa mtu unayemjua, kikikuletea aibu unajua mlango wa kugonga.

Mwaka jana alienda kinyume na maneno yake. Aliingia katika duka kubwa la mjini kati, akaona kiti cha plastiki, chekundu, kinang'aa, akakipenda. Siku ya Bonana, mwaka mpya, baba yake, papa Édouard, alikikalia mbele ya wakwe na katekista, na mguu mmoja ukakatika. Mzee alianguka chali na sahani ya wali juu ya kifua. Watu walicheka. Wakwe walijikaza wasicheke, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Papa Édouard aliinuka, akajipangusa, akaenda zake. Tangu siku ile, watu wakikusanyika, yeye hakai tena mbele na wazee wenzake. Anasimama nyuma kabisa, ama anabaki kwake.

Kwa hiyo mwaka huu Solange alitaka jambo moja tu: papa yake akae tena mbele ya watu.

Alienda kwa Jafari, anayesuka viti vya kekele, zile kamba ngumu za msituni ambazo ukizichemsha zinapinda na zikikauka hazivunjiki. Jafari alimsukia kiti kirefu, chenye mikono mipana na mahali pa kunyooshea miguu. Wa kukijaribu alikuwa Glodi, mdogo wake Solange, kitinda mimba wa papa Édouard, anayekaa kwa dada yake na kubeba mizigo ya wasafiri kule Bangboka, kwenye uwanja wa ndege. Glodi alikikalia, akakirukia, akamwita jirani wakakaa wawili. Kiti kililia kidogo, basi.

Hapa lazima kusema kitu. Mwezi wa kumi na moja huyo Glodi aliugua malaria, akalala siku nane bila kumjua mtu. Habari ya ugonjwa wake iliteremka mto na boti ya kwanza. Alipopona akarudi kazini, na habari ya kupona hakuna aliyefikiri kuituma. Mtu mzima anatembea, utatuma habari gani?

Siku mbili kabla ya Noeli, Jafari alisema kiti kisisafiri uchi, mizigo ya watu itakibonyeza. Alikipeleka kwa Ruphin, seremala wa jirani, akipigilie sanduku. Saa nne Solange alikuja kukichukua. Aliingia chini ya kibanda cha Ruphin, akasimama.

Mbele yake, juu ya vigogo viwili, palikuwa na sanduku la maiti. Refu, jembamba, pana kidogo upande wa mabega, limepigwa randa vizuri.

Aliuliza kama ni hilo lenye kiti. Ruphin mwenyewe alilitazama kama mtu anayeamshwa usingizini. Mwezi mzima, alieleza, hakuna aliyemwagiza kitanda wala meza. Kila aliyekuja alikuja amefiwa.

"Mama Solange, unisamehe," alisema. "Mukono yangu ilienda yenyewe."

Jafari, aliyekuwa pale, alijaribu kufanya mzaha, kwamba hata kiti kinahitaji kupumzika kwa amani. Solange alicheka kwa mdomo tu. Alitaka sanduku livunjwe, lifanywe lingine, lakini boti ya mwisho kabla ya Noeli ilikuwa inaondoka mchana ule. Alijiambia mbao ni mbao. Wakalifunga juu ya pikipiki, wakateremka nalo hadi mtoni, na njia nzima watu walivua kofia.

Boti ilikuwa ya mbao, ndefu, ya moteri, imejaa chumvi na magodoro na mbuzi. Abiria walipoliona sanduku walisogea. Solange aliwaeleza kwamba ni kiti. Waliitikia kwa upole, kama unavyomwitikia mtu ambaye huzuni imemgeuza akili. Alipoona jua linapiga mbao, na kekele ikikauka sana inapasuka, aliomba matawi ya mchikichi ambayo mwenye boti alikuwa nayo, akalifunika. Halafu akakaa chini, kando yake, mkono mmoja juu, maana kila wimbi lilikuwa linalisukuma.

Sasa, Solange ni mtoto wa mto. Anajua vizuri namna maiti inavyorudishwa kwao: sanduku katikati ya boti, matawi ya mchikichi juu, mwanamke wa familia amekaa chini na mkono wake juu ya mbao. Na kabla ya kufika libongo, pale mitumbwi inapofungwa, moteri inazimwa, boti inaingia kwa makasia tu, bila kelele. Alijua yote hayo. Lakini yeye alikuwa anachunga kiti, na kichwa chake kilijaa kiti, na hakujiangalia hata mara moja kwa macho ya mtu aliye ukingoni.

Walifika kesho yake, jua likiwa juu. Maji ya kijiji yalikuwa yamejaa yale majani yanayoelea, na mwenye boti aliogopa yasimfungie pangaboi. Akazima moteri. Vijana wawili wakachukua makasia.

Kimya kikaingia.

Solange aliona watoto wanakimbia ukingoni kuipokea boti, kama kila mwaka. Halafu aliona wamesimama wote mara moja. Mwanamke mmoja aliweka mikono kichwani. Halafu kilio kikapanda, kile kirefu, kinachoanza na sauti moja na kuishia na kijiji kizima. Tante Marthe, dada ya papa yake, alijitupa chini kwenye udongo akaanza kujigaragaza.

Solange alipigwa na butwaa. Wanamlilia nani? Alitafuta kwa macho kati ya watu. Aliona majirani, aliona katekista, hakumwona papa yake. Akatafuta tena. Hayupo. Na tante Marthe hawezi kujitupa chini hivyo kwa mtu wa mbali.

Papa amekufa. Amekufa, na mimi ninamletea kiti.

Sauti ilimtoka bila yeye kujua. Aliita "Papa" mara moja, akaangukia sanduku kwa kifua na kulikumbatia, akalia. Na kule ukingoni, waliokuwa bado na wasiwasi wakaona mtoto wa kwao anamlilia mtu wake juu ya sanduku, wakapata hakika. Kilio kikaongezeka mara mbili. Kila upande ulimlilia mtu wa upande mwingine.

Boti iligusa udongo. Watu wakagawanyika katikati, na katika nafasi ile akapita papa Édouard.

Solange alimwona akitembea. Magoti yake, fulana yake ya zamani, ndevu zake nyeupe. Aliacha kulia mdomo ukiwa wazi. Mzee hakumtazama. Aliingia majini na nguo zake, akashika ukingo wa boti, akaondoa matawi moja moja, akaweka shavu juu ya ubao.

"Glodi," alisema, kama anamwita mtu aliyelala.

Hapo ndipo Solange akaelewa.

"Alikufa siku gani?" papa yake aliuliza.

"Papa, ni kiti."

Mzee aliinua macho.

"Ni kiti, papa. Kiti yako ya Noeli. Glodi iko muzima."

Waliokuwa wanalia walibaki na mikono hewani. Mwenye boti, ambaye siku nzima alikuwa amemhurumia Solange, alichukua panga bila kuambiwa, akaingiza ncha kati ya mbao. Msumari wa kwanza ulipolia, wanawake walifunika nyuso. Kifuniko kikatoka. Ndani kililala kiti cha kekele, cha rangi ya asali, miguu yake imefungwa kwa kitambaa cha Madina.

Ungefikiri watu wangecheka. Hawakucheka. Tante Marthe alikaa chini, udongo umejaa nywele zote. Na papa Édouard alitikisa kichwa. Alijua watu wanavyofanya: mtu akifa mbali, kwanza wanasema anaumwa kidogo, halafu wanasema anaumwa sana, wanazungukazunguka hadi mwenye msiba afike mwenyewe. Kwake kiti kilikuwa njia mpya ya kumzungusha.

"Munanificha," alisema. "Kama iko muzima, niskie sauti yake." Na hapo hapo miguu yake ikakataa. Alishuka majini hadi kifuani.

Walimtoa. Kutembea hakuweza. Na simu katika kijiji kile inashika juu tu, nyuma ya kanisa, mahali pa kupanda. Hapo mmoja wa vijana wa makasia akakivuta kiti kutoka sandukuni, wakamkalisha mzee, maji yanamtiririka, wanaume wanne wakashika, wakainua. Kijiji chote kikafuata. Solange alienda mbele na simu mkononi, anapiga, inakatika, anapiga tena. Nyuma yake alisikia kekele inalia kwa kila hatua, na kila ilipolia aliomba. Isivunjike. Leo, Mungu, isivunjike.

Haikuvunjika. Juu kabisa, simu ikaita. Mara ya kwanza hakuna mtu. Mara ya pili, kelele za uwanja wa ndege, halafu Glodi, anauliza kwa haraka kama kiti kimefika, maana wasafiri wanamngoja.

Solange aliweka simu kwenye sikio la papa yake.

"Papa, kiti iko bien?" Sauti ilisikika hata kwa waliobeba. "Jafari alinirukisha pale kama mbuzi. Papa? Alo? Papa, unalia nini?"

"Sema tena," mzee alisema.

"Niseme nini?"

"Kitu yoyote."

Glodi alisema kuhusu mvua, kuhusu valizi iliyopotea, kuhusu mkubwa wa kazi asiyetoa ruhusa sikukuu hizi. Aliendelea hadi simu ikakatika. Papa Édouard aliendelea kuishika sikioni muda mrefu, na watu wote walisimama kumzunguka, wazee, wakwe, katekista, na yeye tu amekaa. Solange aliliona hilo. Lilikuwa ndilo jambo alilolitaka, na alishindwa kulifurahia.

Sanduku lilipasuliwa jioni ile. Tante Marthe ndiye aliyeshika shoka, na hakumwachia mtu mwingine hata pigo moja. Mbao zake zilipika mbuzi wa Noeli.

Siku ya kurudi mjini, papa Édouard alimsindikiza binti yake hadi libongo, akifuatwa na kijana mwenye kiti kichwani, maana sasa hakai pengine. Alikikalia pale ukingoni, mbele ya watu wote, mikono imeshika kekele kwa nguvu.

"Mama," alimwambia binti yake, "mwaka kesho uniletee sabuni."